MALI BILA DAFTARI
Somo kwa wenye maduka madogo wa Nairobi, na kwa wote wanunuao kwao

Kabla ya jua kuchomoza, matatu huteremka kutoka Kangemi, Kawangware na Dagoretti kwenda katikati ya mji wa Nairobi, zikiwa zimejaa watu waendao kazini. Lakini wako walioamka mapema zaidi. Hao ni akina mama ambao alfajiri wamekwisha fika Soko la Wakulima, ambalo wenyeji huliita Marikiti, nao huchagua nyanya, vitunguu na viazi kwa mwanga wa taa. Watu wa mtaani wanapofungua milango yao asubuhi, bidhaa zile zimekwisha pangwa mafungu mafungu juu ya meza, na sukuma wiki imekwisha katwa tayari kutiwa sufuriani.

Karibu na meza ya mama mboga pana duka lenye wavu wa chuma, ambamo unga, sukari, sabuni na mafuta ya kupima huuzwa kwa kadiri ya fedha aliyo nayo mnunuzi, hata ikiwa ni shilingi 20 tu. Mbele kidogo yuko kinyozi, kisha fundi viatu, kisha fundi cherehani. Kwenye barabara ya Ngong maseremala hupanga vitanda, viti na makabati kando ya njia ili wapitao wavione. Na katikati ya mji, katika River Road, Luthuli Avenue na Moi Avenue, majengo mengi ambayo zamani yalikuwa na duka moja kubwa yamegawanywa vyumba vidogo vidogo viitwavyo eksibisheni. Katika kila chumba mna mtu na biashara yake: huyu auza nguo, yule auza simu, na wa tatu hutengeneza saa.

Biashara hizi ni ndogo zikitazamwa moja moja, bali zikijumlishwa pamoja ni nguzo ya nchi. Katika uchunguzi wake wa mwaka 2016, Shirika la Taifa la Takwimu lilikadiria kwamba Kenya ilikuwa na biashara ndogo na za kadiri zipatazo milioni 7.4, nazo ziliwapa kazi watu wapatao milioni 14.9. Hakuna kiwanda wala idara iwezayo kuajiri watu wengi namna hiyo. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha jambo la kusikitisha. Katika muda wa miaka mitano biashara zipatazo milioni 2.2 zilifungwa, na karibu nusu yake zilifungwa kabla ya kutimiza hata mwaka mmoja.

Nyuma ya kila mlango uliofungwa pana karo ya mtoto isiyolipwa, na akiba ya miaka mingi iliyotoweka. Wengi husema kuwa duka hufa kwa kukosa wanunuzi. Mara nyingi ni kweli. Lakini pia maduka yenye wanunuzi wengi, tena yenye faida, hufa machoni pa wenyewe bila wao kufahamu sababu. Sababu hiyo ndiyo somo la leo. Wahenga wameitaja kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

BIASHARA ILIYOTANGULIA MJI

Kwanza yafaa kukumbuka historia, kwa maana watu wengine hudhani kwamba Mwafrika wa sehemu hizi alijifunza biashara baada ya kuja kwa reli. Sivyo. Nairobi ilianza mwaka 1899, reli kutoka Mombasa ilipofika katika uwanda ule wenye maji baridi. Lakini upande wa magharibi, kule Dagoretti na Kabete, biashara ya chakula ilikuwapo tayari. Misafara iliyokwenda Uganda ilipumzika huko ili kununua akiba ya njiani kabla ya kuteremka Bonde la Ufa. Wakikuyu waliiletea maharage, mahindi, viazi vitamu na ndizi, nao wakapokea nguo, shanga na nyaya.

Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza iliyotawala Afrika ya Mashariki wakati ule ilijenga ngome huko Dagoretti. Ngome hiyo haikudumu. Askari wake walianza kunyang'anya chakula badala ya kukinunua, na wenyeji wakaishambulia. Mwaka 1891 kampuni ikajenga ngome nyingine Kabete. Katika habari hiyo mna funzo la kwanza la biashara: soko husimama mahali ambapo muuzaji hulipwa haki yake, na huvunjika mahali ambapo halipwi.

Mji ulipokua, wanawake wa Kiambu na Dagoretti waliendelea kuulisha. Walitembea mwendo mrefu wakibeba maharage na mboga mgongoni, wakauza, wakarudi nyumbani jioni kulima na kupika. Mama mboga wa Kawangware wa leo si mtu mpya. Ni mrithi wa kazi iliyo na umri mkubwa kuliko mji wenyewe.

MLANGO ULIOKUWA MWEMBAMBA

Serikali ya ukoloni ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mgeni, mtu aliyekuja kufanya kazi ya mshahara kisha arudi kwao. Mitaa ya katikati ilikuwa ya maduka ya Wazungu na Wahindi. Mwafrika aliyetaka kuuza kitu alitafuta nafasi katika mitaa ya Waafrika kama Pumwani, tena kwa kibali. Hati ya ardhi ya kuweka rehani hakuwa nayo. Juu ya hayo, sheria ya mikopo ilisema kwamba asiyekuwa Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200, hawezi kudai deni lake mahakamani isipokuwa mkopo huo ulipata idhini ya serikali.

Ilisemwa kuwa sheria hiyo imewekwa kumlinda Mwafrika asije akaingia katika madeni. Lakini matokeo yake yalikuwa mengine. Mwenye ghala la jumla alimpa mwenziwe bidhaa za mwezi mzima, naye akalipwa baada ya kuuzwa. Bali mwenye duka wa Kiafrika alilazimika kulipa taslimu kila alipokwenda. Duka lisiloaminiwa na mwenye ghala hubaki dogo siku zote, hata kama mwenyewe ni hodari.

Pamoja na hayo watu walijaribu. Henry Muoria, mzaliwa wa Kabete, alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1945 aliacha mshahara huo akaanzisha gazeti lake la Kikuyu liitwalo Mumenyereri. Huwa latajwa katika habari za siasa, lakini lilikuwa pia biashara ya nyumba moja, ambayo watu wa jamaa yake walishiriki kazi zake. Mwaka 1952, Muoria akiwa safarini London, serikali ililipiga marufuku. Mwenyewe alibaki Uingereza, akafanya kazi katika reli ya chini ya ardhi ya London. Na katika mwezi wa Aprili 1954, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa Nairobi na kuondolewa mjini katika msako mkubwa uliofanywa wakati wa Hali ya Hatari. Katika mambo kama hayo biashara nyingi ndogo zilikatika kabla hazijakomaa.

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara katika sehemu kadhaa za miji, na kuuza bidhaa kadhaa, isipokuwa kwa leseni maalumu. Wafanyabiashara wengi wa asili ya Kihindi ambao hawakuwa wamechukua uraia, baadhi yao wakiwa wamezaliwa papa hapa, waliacha maduka yao na kuhama nchi. Shirika la serikali la maendeleo ya viwanda na biashara, lililojulikana kama ICDC, liliwakopesha Waafrika fedha za kuanzisha au kununua biashara. Hivyo watu wa Kiafrika wakaingia katika mitaa ya katikati kwa wingi. Wengine walistawi. Wengine walipata funguo za duka lakini hawakupata ujuzi wa kuliendesha, na punde duka likawatoka mikononi.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa kubwa juu ya Kenya. Wataalamu wake walisema kwamba wachuuzi na mafundi wadogo, ambao askari wa mji walikuwa wakiwafukuza na kuvibomoa vibanda vyao, ni watu wenye kazi ya maana na yenye mapato, nao wastahili kusaidiwa. Taratibu mawazo hayo yakakubaliwa. Mafundi waliofanya kazi nje bila paa wakapewa jina la heshima la jua kali. Mwaka 1992 serikali ilitoa mpango maalumu juu ya biashara ndogo, na mwaka 2012 ikatungwa sheria ya biashara ndogo na ndogo sana. Sheria hiyo ilipotungwa, biashara ndogo sana ilihesabiwa kuwa ile yenye watumishi wasiofika 10, na mauzo yasiyozidi shilingi 500,000 kwa mwaka.

Mlango, basi, si mwembamba kama zamani. Lakini hakuna sheria iwezayo kumfanyia mtu hesabu yake ya jioni.

HESABU YA SIKU MOJA

Na tuchukue mfano wa kufundishia wa mama mmoja auzaye mboga Kangemi. Asubuhi anayo shilingi 4,000, nazo ndizo mtaji wake. Matumizi yake ya siku ni haya:

Bidhaa kutoka Marikiti: shilingi 3,400.
Nauli na mchukuzi wa mkokoteni: shilingi 350.
Ushuru wa soko: shilingi 50.
Mifuko ya kufungia: shilingi 50.
Jumla: shilingi 3,850.

Mkononi mwake zinabaki shilingi 150. Mpaka jioni amekwisha uza bidhaa zote. Wanunuzi wamemlipa taslimu shilingi 3,900. Wengine wamechukua vitu vya shilingi 600, wakasema, "Mama, andika, nitalipa mwisho wa mwezi." Jumla ya mauzo ni shilingi 4,500. Ukitoa matumizi ya shilingi 3,850, faida ni shilingi 650. Mtu yeyote atasema kuwa siku hiyo ilikuwa njema.

Lakini tazama mkoba wake. Mna zile shilingi 150 za asubuhi na shilingi 3,900 za mauzo, yaani shilingi 4,050. Akienda nyumbani ananunua unga, mafuta na maziwa, tena anampa mtoto fedha za shule. Yote ni shilingi 500. Zinabaki shilingi 3,550. Kesho alfajiri atakapofika Marikiti atahitaji shilingi 3,850, naye hanazo. Amepungukiwa na shilingi 300, na mtaji wake umeshuka kwa shilingi 450, katika siku ambayo alipata faida!

Fedha hizo zimekwenda wapi? Hazikuibwa. Faida ilikuwa shilingi 650, na nyumba ilikula shilingi 500. Kwa hiyo zilipasa kuongezeka shilingi 150. Bali shilingi 600 zimelala katika nyumba za majirani. Siku nne za namna hiyo, bila deni kulipwa, hula shilingi 1,800, yaani karibu nusu ya mtaji wote. Meza huonekana tupu, wanunuzi hukuta hakuna nyanya nzuri, nao huhamia meza nyingine. Kisha watu husema, "Mama yule biashara imemshinda," na wasemao hivyo ni wale wale wenye deni lake.

DAFTARI LENYE SAFU NNE

Dawa ya ugonjwa huu si ngumu. Daftari la shule la bei rahisi na kalamu vyatosha. Kila ukurasa ugawanywe safu nne.

Safu ya kwanza ni ya fedha zilizotoka kwa ajili ya biashara: bidhaa, nauli, ushuru, kodi ya chumba, umeme. Hata shilingi 20 ya bodaboda iandikwe, kwa kuwa vitu vidogo ndivyo vilavyo faida bila kuonekana.

Safu ya pili ni ya mauzo yaliyolipwa, ya taslimu na ya simu pia. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, wengi hulipa kwa simu, na hapo pana mtego. Fedha za duka zikiingia katika simu ile ile ipokeayo michango ya harusi na fedha za jamaa wa mashambani, hakuna awezaye kuzitenganisha jioni. Yafaa mwenye duka awe na namba ya malipo ya biashara iliyo mbali na namba yake mwenyewe.

Safu ya tatu ni ya madeni: jina la mkopaji, alichochukua, thamani yake, na siku aliyoahidi kulipa. Mkopaji aonyeshwe maandishi hayo papo hapo. Si kwa kumtilia shaka, bali ili urafiki usije ukavunjika kwa kusahau. Kadhalika mwenye duka ajiwekee mpaka. Katika mfano uliotangulia, mama yule angaliweza kukopesha shilingi 150 tu kwa siku bila kupunguza mtaji wake. Anayejua mpaka wake aweza kukataa kwa upole, kwa sababu hakatai kwa uchoyo, anakataa kwa hesabu.

Safu ya nne husahauliwa kuliko zote, nayo ni ya vitu vilivyotolewa kwenda nyumbani. Wengi hudhani kuwa duka ni lao, kwa hiyo hakuna haja ya kuandika mkate walioula wenyewe. Hilo ni kosa. Mwenye duka ni mtumishi wa kwanza wa duka lake, na mtumishi hulipwa mshahara. Ajipangie kiasi cha kila siku au cha kila juma, akichukue, akiandike, asirudi tena sandukuni. Mume, mke na watoto waelezwe hivyo, wakubaliane. Duka moja laweza kulisha nyumba moja kwa miaka mingi, lakini nyumba isiyojizuia humaliza duka kwa mwezi mmoja.

Mwisho wa juma hesabu zijumlishwe, na zile zilizo muhimu zihifadhiwe nyumbani, si kibandani. Masoko huungua. Soko la Toi, karibu na Kibera, limeteketea zaidi ya mara moja, na vivyo hivyo Gikomba. Aliyepoteza bidhaa lakini bado ana daftari aweza kuonyesha alikuwa na nini, anamdai nani, na mauzo yake ya mwezi yalikuwa kiasi gani. Aliyepoteza vyote viwili huanza upya bila ushahidi wowote.

MKOPO: RAFIKI NA ADUI

Siku hizi mkopo hupatikana kwa kubonyeza simu, na wala si vibaya kukopa. Lakini mkopo hauna budi kupimwa kwa daftari. Mfuko wa Hustler, ulioanzishwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022, ulianza kwa kutoa mikopo ya shilingi 500 mpaka 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kwa muda wa siku 14. Mtu akichukua shilingi 10,000 kwa masharti hayo, riba ya siku 14 ni kama shilingi 31. Hiyo ni ndogo. Sasa ulinganishe na mkopo mwingine utozao asilimia 7.5 kwa mwezi mmoja. Kwa shilingi 10,000 utalipa shilingi 750. Ukiurudia kila mwezi mwaka mzima, utakuwa umelipa shilingi 9,000 kwa ajili ya kutumia shilingi 10,000, na zile 10,000 bado ni za mwenyewe.

Kanuni ni hii: mkopo wa kununua bidhaa zitakazouzwa kabla ya siku ya kulipa waweza kuwa rafiki. Mkopo wa kuziba pengo lililoachwa na madeni ya majirani ni adui, kwa kuwa pengo hilo litarudi juma lijalo, na safari hii litakuja pamoja na riba. Kukopa ni harusi, kulipa ni matanga.

Vyama vya akiba husaidia sana katika jambo hili. Wauzaji kumi wa soko moja wakiweka shilingi 100 kila mmoja kila siku, kwa siku sita wanazo shilingi 6,000, na kila juma mmoja wao aweza kuongeza bidhaa zake bila kulipa riba yoyote. Wakizidi kuaminiana, waweza kukodi gari moja la kubeba mizigo kutoka Marikiti badala ya kila mmoja kulipa nauli yake. Baada ya hapo chama chaweza kuandikishwa, au wanachama waweza kuingia katika chama cha ushirika wa akiba na mikopo. Ushirika wa namna hiyo nao huhitaji daftari, tena lisomwe mbele ya wote.

WAJIBU WA MNUNUZI

Hata hivyo haitakuwa haki kumbebesha mwenye duka lawama zote. Watu wengi husema kwa fahari kuwa wanapenda biashara za Waafrika wenzao, nao husifu kazi ya mikono ya seremala wa barabara ya Ngong. Sifa ni njema. Lakini sifa hazinunui mbao.

Anayetaka kusaidia biashara ndogo alipe anachochukua. Akikopa, alipe siku ile aliyoahidi. Mtu huingia katika duka kubwa la mjini, akasoma bei, akalipa bila neno. Kisha akifika kwa mama mboga aliyeamka usiku, huomba apunguziwe na kuongezwa, na mwisho huomba aandikiwe. Jamaa na marafiki ndio hasa huomba bei ya undugu. Ndugu wa kweli angepasa kuwa wa kwanza kulipa bei kamili, kwa sababu yeye ndiye anayejua watoto wa nyumba ile wangapi wanasoma.

Anayeagiza meza au kitanda atoe arubuni ya kutosha kununulia vifaa, na siku kazi ikamilikapo amalize deni. Fundi naye atimize ahadi yake. Akisema Jumamosi, iwe Jumamosi. Akisema mbao ni za mvule, zisiwe za msonobari zilizopakwa rangi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hakuna awezaye kuwaomba watu wanunue kitu kibaya kwa ajili ya uzalendo tu, na mnunuzi aliyedanganywa mara moja huwaonya wenzake kumi.

Idara na makampuni nayo yana sehemu yake. Tangu mwaka 2013, serikali iliagiza kwamba asilimia 30 ya ununuzi wake itengewe biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Huo ni mpango mwema. Lakini kucheleweshwa kwa malipo ni kilio cha siku nyingi. Biashara kubwa yaweza kungoja miezi sita. Biashara ndogo haiwezi kungoja hata majuma sita. Ofisi ichukuayo bidhaa kwa mtu mdogo na kukawia kumlipa imefanya jambo lile lile walilofanya majirani wa mama wa Kangemi, ila kwa kiasi kikubwa zaidi.

Njia ya kutoka soko la misafara huko Dagoretti mpaka eksibisheni za Moi Avenue imekuwa ndefu, nayo imepitia mlango mwembamba wa sheria nyingi. Waliopita humo walijaliwa bidii kuliko mali. Leo sehemu iliyobaki imo mikononi mwa watu wawili tu, muuzaji mwenye kalamu na mnunuzi mwenye kulipa. Jioni ya leo, katika mitaa ya Kawangware na Kangemi, meza zitakunjwa na fedha zitahesabiwa. Atakayeandika alichopata, alichotoa na anachodai ataweza kuamka kesho alfajiri kwenda Marikiti bila hofu. Na yule ambaye jina lake limo katika safu ya tatu anajua la kufanya: dawa ya deni ni kulipa.

MASWALI YA KUJADILIWA

1. Kwa nini ngome ya Dagoretti ya mwaka 1890 haikudumu? Eleza jinsi habari hiyo inavyofanana na muuzaji asiyelipwa.

2. Sheria ya mikopo ya wakati wa ukoloni ilisemwa kuwa ya kumlinda Mwafrika. Ilimzuiaje mwenye duka kukua?

3. Mama wa Kangemi alipata faida ya shilingi 650, lakini mtaji wake ukapungua kwa shilingi 450. Onyesha kwa hesabu jinsi jambo hilo lilivyotokea. Je, ingekuwaje kama madeni ya siku ile yangekuwa shilingi 100 tu?

4. Taja safu nne za daftari. Ni ipi inayosahauliwa zaidi katika maduka ya mtaani kwenu, na kwa nini?

5. Jadilianeni: je, ni vema muuzaji kumnyima ndugu yake mkopo?